Kwa Nini Binti Zetu Hawapati Kazi Nairobi

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, pamoja na maswali machache ya mwisho, ili wale ambao hawakufika wayasome katika mikutano ya vikundi vyao.)

 

Mada tuliyopewa leo ni ukosefu wa kazi kwa wanawake mijini. Mtu anaweza kuuliza, hayo ya mjini yanatuhusu nini sisi watu wa mashambani? Yanatuhusu kwa sababu wanawake hao ni wetu. Ni binti zetu, ni wake wa wana wetu, ni wale wanaokuja Desemba na mkate na sukari. Na kila Januari basi linapoondoka stendi, ndani yake mna msichana mwingine ambaye hajawahi kufika Nairobi. Katika vikundi tunavyotembelea tunaulizwa swali moja kila mara: "Huyu msichana amekaa huko miaka minne. Mbona hapati kazi?" Na kabla hatujafungua kinywa, mtu mwingine ameshajibu: ni mvivu, anachagua kazi, amezoea starehe.

Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Tunafanya kazi katika mitaa ya mabanda, na wavivu tuliowaona huko ni wachache sana. Wengi ni watu wanaoamka saa kumi za usiku ili wapate maji kabla foleni haijawa ndefu, kisha watembee kwa miguu hadi Eneo la Viwanda kwa sababu nauli ya asubuhi ni pesa ya unga. Leo tunataka tuulize swali lenyewe vizuri, halafu tutafute jibu hata kama jibu hilo litaturudisha hapa nyumbani.

NI NANI HASA HANA KAZI?

Ukimkuta mama anauza sukuma wiki kando ya barabara ukamwuliza kama ana kazi, atakwambia, "Sina kazi, nauza mboga tu." Ameamkia Marikiti, amebeba gunia, amekatakata mboga mpaka saa mbili usiku, lakini hana kazi. Mumewe akipata kibarua cha siku mbili kwa wiki cha kubeba mawe, huyo anasema yuko kazini.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta wataalamu hapa Kenya waje waangalie tatizo la ukosefu wa kazi. Waliona kwamba watu wengi mijini hawakuwa wamekaa bure. Walikuwa wakifanya kazi ambazo serikali haiziandiki wala haizisaidii, na mara nyingine inazifukuza. Ripoti yao ndiyo iliyolieneza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Sisi tunaiita jua kali. Leo hii, ukiondoa wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi Kenya wako katika sekta hiyo. Na katika kazi zile nyingine, zenye barua ya kuajiriwa na mshahara wa mwisho wa mwezi, wanawake ni wachache kuliko wanaume.

Kwa hiyo yafaa tulibadilishe swali. Tuache kuuliza kwa nini amekaa. Tuulize kwa nini anafanya kazi kila siku na bado hana mshahara wa kutegemea.

MJI ULIOJENGWA KWA WANAUME

Wazee wetu mtakumbuka mambo haya kuliko sisi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Serikali ya kikoloni ilitaka nguvu za mwanamume, haikumtaka na mke wake. Vyumba vilijengwa vya kulala kapera. Mke alitakiwa abaki shambani ajilishe mwenyewe pamoja na watoto, na kwa njia hiyo mwajiri angeweza kulipa mshahara wa mtu mmoja. Wanawake waliojitokeza mjini hata hivyo walionekana kama wazururaji. Wengine wao walijua sana kutafuta: kule Pumwani walikuwako waliojenga nyumba zao na kupangisha vyumba. Lakini katika vitabu vya serikali hao hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi.

Tazameni jambo la kitambulisho. Kipande kilikuwa cha wanaume, na hata baada ya uhuru wanawake hawakuandikishwa kupewa vitambulisho mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Miongoni mwetu hapa kuna nyanya waliokuwa na watoto wakubwa kabla hawajashika kadi yenye jina lao. Na bila kadi, mwajiri atakuandika vipi? Benki itakufungulia vipi akaunti?

Hayo yamepita, lakini mazoea hubaki. Mpaka leo kuna waajiri wanaoona kwamba pesa ya mwanamke ni ya kuongezea tu, ati mwenye nyumba ni mumewe. Msichana anaulizwa kama anatarajia kuolewa, na kama ana mtoto mdogo. Kaka yake hatujasikia akiulizwa. Sheria ya ajira ya zamani ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza ikafika miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Ni sheria nzuri na tunaishukuru. Ila tumeona pia jinsi wengine wanavyoikwepa: mama anapewa mkataba wa miezi michache, unaongezwa, unaongezwa tena, na tumbo likianza kuonekana hauongezwi.

VIWANDA VILIVYOFUNGWA

Hapa hatutakaa sana kwa sababu wengi mliyaona. Miaka ya 90 soko lilifunguliwa, nguo kuukuu kutoka nje zikaingia kwa wingi, na viwanda vya nguo vikaanza kuanguka. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret ikafuata. Mnajua wenyewe kwamba hakuumia mfanyakazi wa kiwandani peke yake. Mkulima wa pamba kule Nyanza na Magharibi alibaki na gunia lake nyumbani. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1993, serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake, na waliotolewa zaidi walikuwa wa madaraja ya chini, yaani wafagiaji, matarishi na makarani. Hizo ndizo kazi ambazo msichana aliyesoma kidogo angeweza kuzipata na akastaafu nazo.

Kusema kweli mitumba imewalisha wengi pia, nendeni Gikomba muone. Lakini kibanda cha mitumba hakina likizo ya ugonjwa, na kikiungua moto, kama vinavyoungua kila mara huko, mama anaanza upya na mkopo juu yake.

Baadaye vikaja viwanda vya kushona nguo za kuuza ng'ambo, kama vile vya Athi River, hasa tangu Marekani ilipofungulia nguo za Afrika soko lake mwaka 2000. Wengi wanaoshona humo ni wanawake. Ni kazi, na tunafurahi ipo. Lakini ni kazi ya kuhesabiwa vipande kwa saa, na likija agizo kubwa mnakaa mpaka usiku. Asiye na mtoto mdogo anaweza. Mwenye mtoto mdogo anaanza kujiuliza lile swali ambalo sasa tunataka tukae nalo kwa muda.

MTOTO ANABAKI NA NANI?

Chukueni mama mmoja wa Mukuru, mwenye mtoto wa miezi minane. Kwenye lango la kiwanda vibarua wanachaguliwa saa moja kasoro asubuhi. Kibao cha "Hakuna Kazi" kiko pale pale langoni, lakini watu husimama hata hivyo kwa sababu kuna siku msimamizi hutoka na kuonyesha kidole: wewe, wewe na wewe. Mama huyu atamwacha mtoto na nani?

Nyanya yuko huku kwetu. Jirani naye anatafuta kibarua. Kuna chumba cha mabati ambamo mama mmoja analea watoto kumi na tano au ishirini, unalipa kila siku asubuhi. Sasa fikirini: unalipa asubuhi, kabla hujajua kama kidole cha msimamizi kitakuangukia. Asipochaguliwa amepoteza pesa ya mtoto na pesa ya chakula kwa pamoja. Wako wanaomzuia binti mkubwa asiende shule siku hiyo akae na mdogo wake. Wako pia wanaofunga mlango kwa nje na kuondoka. Hilo tumeliona, na halitufanyi tumhukumu mama, linatufanya tuogope jiko la makaa lililo mle ndani.

Basi mwishowe anaacha lango la kiwanda na kwenda kukaa kando ya barabara, Eastleigh au kwingineko, pamoja na akina mama fua wengine, mtoto mgongoni, akingoja mtu aje amwite akafue. Wenye nyumba wanapita wakiangalia. Anayechukuliwa kwanza ni yule asiye na mtoto mgongoni.

Watafiti walijaribu jambo moja kule Korogocho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Walichukua akina mama zaidi ya elfu moja wenye watoto wadogo. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa kura, walipewa vocha za kulipia mahali pa kuwaacha watoto. Hawakupewa mtaji, wala hawakufundishwa ufundi wowote. Baada ya muda, waliopewa vocha walikuwa kazini kuwapita wenzao kwa pointi 8.5 katika kila 100. Walioongezeka hasa ni wale walioolewa. Akina mama walio peke yao walikuwa tayari wanafanya kazi, maana wasipofanya hawali, lakini hao nao waliweza kuhamia kazi zenye saa za kueleweka bila kupungukiwa mapato. Sisi tunaliona hilo kuwa jambo kubwa sana. Linaonyesha kwamba mama mwingine hakukosa mkono wala akili, alikosa mahali salama pa kumweka mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na tusidhani nyumbani kuna mtu wa kumsaidia. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2021 kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao ulionyesha kwamba mwanamke hutumia karibu saa 4 na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kuwatunza watu, kazi isiyo na malipo. Mwanamume haifiki saa moja. (Akina baba msicheke, hatukuiandika sisi.)

YAYA ANATOKA WAPI?

Sasa tunaomba mtuvumilie, maana tunaingia nyumbani kwenu.

Yule mama mwenye kazi ya mshahara mjini, mwalimu au muuguzi au karani wa duka, yeye anamwacha mtoto na nani? Na yaya. Na yaya anatoka wapi? Anatoka hapa.

Mnajua namna inavyokuwa. Shangazi amekuja Krismasi. Anamwona msichana wa miaka kumi na minne, ada imeshindikana, au amerudia darasa, au mama yake ni mgonjwa. Shangazi anasema, "Nipeni huyu anisaidie na mtoto, nami nitampeleka kusomea cherehani." Wazazi wanashukuru. Januari msichana yuko ndani ya basi. Huko anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku. Mshahara wake, kama upo, unatumwa kwa simu ya baba. Cherehani haitajwi tena. Anakaa miaka mitano. Halafu mtoto aliyekuwa akimlea anaanza shule, au yeye mwenyewe anapata mimba, na anafungishiwa nguo zake kwenye mfuko.

Huyo sasa ana miaka kumi na tisa. Hana cheti cha shule. Hana kitambulisho, kwa sababu kukipata kunataka karatasi za wazazi zilizo huku nyumbani. Anajua kupika, kufua na kulea mtoto kuliko wengi wetu, lakini hana barua hata moja inayosema anajua. Kurudi nyumbani na mimba anaogopa. Anakodi chumba na mwenzake. Mwaka unaofuata ndiye yule mama mwenye mtoto wa miezi minane anayesimama kwenye lango la kiwanda. Na siku akibahatika kupata kazi, anatuma ujumbe nyumbani aletewe mdogo wake aje amshikie mtoto.

Mnaona jinsi linavyozunguka? Kazi ya mwanamke mmoja mjini inasimama juu ya mgongo wa msichana aliyetolewa shule kijijini, na msichana huyo ndiye anayekuja kuwa mwanamke asiye na kazi. Tunapouliza kwa nini hapati kazi leo, sehemu ya jibu ni ile Januari tuliyompandisha basi.

Hatusemi shangazi ni mtu mbaya. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Tunaowafahamu, wengi hawapati hata nusu yake. Lakini shangazi mwenyewe naye pengine analipwa kidogo kuzidi hapo, na akilipa yaya kiasi cha sheria atabaki na pesa ya kodi ya nyumba peke yake. Mishahara ya wanawake wawili inagombana ndani ya mkoba mmoja. Baba wa mtoto, ambaye kwa kawaida mshahara wake ni mkubwa kuliko wa wote wawili, hatujasikia akiulizwa ni nani atakayemshikia mtoto ndipo aende kazini.

SHULE, SHAMBA NA YALE YASIYOSEMWA

Mwishoni mwa miaka ya 80 serikali ilileta mpango wa wazazi kuchangia gharama za shule na hospitali. Pesa zilipopungua, nyumba nyingi zilichagua mvulana abaki darasani. Shule za msingi zilirudi kuwa za bure mwaka 2003. Kati ya hapo kuna kizazi kizima cha wasichana. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1993 leo amepita 40, na ndiye tunayemkuta sokoni akimwomba mtoto wake amsomee ujumbe wa mkopo kwenye simu. Ongezeni ugonjwa wa Ukimwi, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Mgonjwa alipolala nyumbani, aliyeitwa kutoka shule au kutoka kazini kuja kumtunza alikuwa nani? Mnajua jibu.

Kuhusu shamba tutasema wazi. Kijana wa kiume akishindwa na Nairobi anarudi, anaonyeshwa mahali pa kupanda. Binti akirudi anaulizwa, "Kwa bwana yako kumekwendaje?" Sheria ya urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haimbagui binti na mwana, na Katiba ya 2010 ilitilia nguvu jambo hilo. Lakini kwenye baraza la ukoo wengi wetu tunajifanya hatujaisoma. Kwa hiyo binti huko mjini hana pa kurudi, na mtu asiye na pa kurudi hawezi kumwambia mwajiri, "Pesa hizi ni kidogo, naondoka." Wala hana hati ya shamba ya kuwekea mkopo.

Liko jambo moja ambalo tunalitaja kwa haraka kwa sababu kuna watoto hapa. Kijana wa kiume akitafuta kazi anaombwa kitu kidogo. Msichana mara nyingi anaombwa kitu kingine. Anakataa, anaikosa kazi, na akija nyumbani hawezi kumweleza baba yake. Sisi tunasema alichagua kazi. Tafadhali, mkimsikia mtu akisema hivyo juu ya msichana, mwulizeni kama anajua kazi hiyo ilitakiwa ilipiwe nini.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Hatukuja kuwaambia mjenge viwanda. Tumekuja na mambo ambayo tumeona vikundi vya kawaida vikiyaweza.

Karatasi kwanza. Kabla kijana yeyote hajaondoka, awe na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na vyeti vya shule hata kama ni vya darasa la chini. Wakati yuko nyumbani, chifu anamjua na wazee wanamjua, jambo hili ni la safari chache. Akiwa Nairobi ni la nauli, ruhusa na mwaka mzima. Nakala zibaki kwa katibu wa kikundi.

La pili, msichana aliye chini ya miaka 18 asiende kuwa yaya, hata kwa shangazi mwema. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 inataka awe shuleni. Na aliyezaa asidhaniwe kwamba shule imeisha: tangu mwaka 1994 kuna mwongozo wa serikali wa kumrudisha darasani baada ya kujifungua, na ulitolewa upya mwaka 2020. Mwalimu mkuu akisitasita, nendeni kikundi kizima, si mama peke yake. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kushika mtoto mchana. Hapa kijijini watu hao wapo. Vikundi viwili tunavyovijua hupanga zamu, na mama wa zamu hachangi mchango wa wiki hiyo.

Mtu mzima akienda kufanya kazi ya nyumba, basi kuwe na mapatano yaliyoandikwa: mshahara ni kiasi gani, unatumwa kwenye simu yake mwenyewe, siku ya kupumzika ni ipi, na akiahidiwa kusomeshwa, anaanza mwezi gani. Shangazi atanung'unika kidogo. Wanaonung'unika sana hao ndio wa kuogopwa.

Juu ya ufundi tuna neno moja. Wasichana wetu wote tunawapeleka kushona. Tumewauliza mafundi wa Nairobi, wanasema cherehani zimejaa na mitumba ndiyo inayovaliwa. Katika chuo kile kile cha ufundi kuna umeme, kuna mabomba, kuna uashi, kuna kuchomelea vyuma. Msichana akijua kufunga umeme nyumbani mwa watu, atachekwa miezi sita, kisha wataanza kumtafuta.

Na sasa wale watu wetu walio mjini. Kila eneo lina chama chake Nairobi, na vyama hivyo vina nguvu. Mtu wetu akifa, kwa siku tatu pesa za jeneza na basi zimepatikana, na ni jambo la heshima. Tunawaomba mtume barua kwa viongozi hao muwaulize: je, kwa nguvu hizo hizo, hawawezi kukodi chumba kimoja safi na kumlipa mama mmoja anayeaminika, watoto wa watu wetu wapate pa kukaa mchana? Katika mtaa mmoja tuliona watu wa eneo moja wakifanya hivyo kwa mchango mdogo wa kila mwezi. Hakikuwa kituo kikubwa. Kilikuwa na mkeka, maji yaliyochemshwa, uji wa saa nne na mlango usiofungwa kwa nje.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza kuhusu wanaokwenda Uarabuni, ambao wengi wao ni hao hao waliokosa kazi Nairobi. Tulimjibu kwamba serikali ilisimamisha safari hizo mwaka 2014 na kuziruhusu tena mwaka 2017 kwa masharti. Anayetaka kwenda ahakikishe wakala ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, asome mkataba kabla hajatia sahihi, na aache nakala ya pasipoti na ya mkataba nyumbani. Akiambiwa hakuna haja ya mkataba, asipande ndege.

Mzee mmoja alisema kwamba tukiwapa mabinti mashamba, yatagawanyika mpaka yawe ya kuzikia tu. Tulimwambia kwamba yanagawanyika vivyo hivyo kwa wana sita. Hakuridhika, akasema tutazungumza tena. Tumekubali, na tutamtembelea.

Mweka hazina wa kikundi kimoja aliuliza kama pesa za kikundi zinaweza kukopeshwa kwa nauli ya msichana anayekwenda kutafuta kazi. Hapo watu waligawanyika. Wengine walisema hapana, pesa ni za mbuzi wa maziwa na zibaki za mbuzi. Sisi tulisema nauli si tatizo kubwa, kwa kuwa nauli hupatikana. Kinachomwangusha msichana ni ule mwezi wa kwanza, asiye na kodi ya chumba wala chakula, ambapo anaikubali kazi yoyote na kwa masharti yoyote. Kama kikundi kitakopesha, heri kikopeshe mwezi huo wote, kwa mtu mzima mwenye kitambulisho na ufundi, na mdhamini awe mwanachama. Mama mwingine akauliza, na asipopata kazi katika mwezi huo? Mwenyekiti wao alipendekeza deni lisimame miezi mitatu kabla ya kuanza kulipwa. Mweka hazina akataka iwe mmoja. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha na wenye safari ndefu walikuwa wamesimama, kwa hiyo vikundi vitalijadili jambo hilo vyenyewe na kuleta majibu kwa maandishi katika mkutano ujao.